Kiembe Samaki katika Ramani Huria: Majina ya Mahali, Istilahi na Jumuiya ya Watumiaji

1.0 Utangulizi

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kazi ya kuvipiga picha kutoka angani visiwa vya Unguja na Pemba kwa kutumia ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo sasa hujulikana kwa jina la droni. Eneo lililokusudiwa lilizidi kilomita za mraba 2,300, na miongoni mwa waliofunzwa kazi hiyo walikuwamo wanafunzi wa SUZA. Picha zilizopatikana zinaonyesha mambo kwa ukaribu usiokuwa wa kawaida: paa moja linatofautishwa na jingine, ukuta na ua, njia ya gari na njia ya miguu. Mtafiti anayetaka kuitazama Kiembe Samaki, iliyopo kusini mwa Mji Mkongwe karibu na uwanja wa ndege, anaweza kuhesabu nyumba zake bila ya kutoka kitini.

Hata hivyo, picha hiyo haina neno hata moja. Haisemi kwamba mahali hapo ni Kiembe Samaki. Haisemi mtaa mmoja unaishia wapi na wa pili unaanzia wapi, wala haisemi njia fulani inaitwaje na wanaoipita kila siku. Maarifa hayo yamo katika lugha, na lugha yenyewe ni Kiswahili.

Makala haya yanatoa hoja kwamba programu huria za ramani zimewapa watu wa Zanzibar haki ya kisheria ya kuitengeneza ramani yao wenyewe, lakini haki hiyo itabaki kuwa pungufu iwapo majina, istilahi na mazungumzo ya kazi hiyo hayatakuwa mikononi mwa wasemaji wa Kiswahili. Inadaiwa zaidi kwamba kazi hiyo si ya wataalamu wa kompyuta na wapima ardhi peke yao. Ni kazi ya isimu, na idara za Kiswahili zimechelewa kuishika.

2.0 Bure, Huru na Huria

Inafaa kwanza kufafanua maana ya programu huria, kwani hapa Kiswahili kina faida ambayo lugha nyingine hazina. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyekuwa mtumwa. Kwa sababu hiyo, watetezi wa programu hizi, tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, wamelazimika kueleza mara kwa mara kwamba wanakusudia uhuru na hawakusudii bei. Msemaji wa Kiswahili hana shida hiyo. Kitu cha bure ni kile kisichotolewa pesa. Mtu huru ni yule asiyemilikiwa. Na jambo huria ni lile ambalo kila mtu ameruhusiwa kuliingia na kulifanya. Programu inaweza kuwa ya bure bila ya kuwa huria, kama vile mgeni anavyoweza kulishwa bila ya kuruhusiwa kuingia jikoni.

Programu huria, basi, ni ile ambayo msimbo wake umewekwa wazi na leseni yake inamruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa kwa wengine. Katika fani ya ramani, mfano unaojulikana zaidi ni QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, ambayo humwezesha mtumiaji kukusanya, kuchora na kuchanganua taarifa za mahali. Mfano mwingine ni OpenDroneMap, inayounganisha mamia ya picha za droni kuwa picha moja kubwa iliyonyooshwa. OpenStreetMap, iliyoanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004, si programu tu bali ni hazina ya ramani ya dunia inayojazwa na watu wa kujitolea. Tangu mwaka 2012 taarifa zake zinatolewa chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuzitumia kwa masharti mawili makubwa: ataje zilikotoka, na akiiboresha hazina hiyo na kuitoa kwa watu, aitoe kwa leseni ileile.

Jambo muhimu kwa mwanaisimu ni lile la kuibadilisha. Haki ya kuibadilisha programu ni pamoja na haki ya kuibadilisha lugha yake. Kwa programu ya kampuni, uamuzi wa kuwapo au kutokuwapo kwa Kiswahili ni wa mwenye kampuni, naye hufuata hesabu ya soko. Kwa programu huria, uamuzi huo ni wa wasemaji. Ikiwa Kiswahili hakimo au kimo kwa upungufu, hapana wa kulaumiwa aliye mbali.

3.0 Kutoka Kibera hadi Unguja

Historia ya ramani huria katika Afrika ya Mashariki si ndefu, lakini ina mafunzo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuichora ramani ya makazi yao, ambayo hadi wakati huo katika ramani nyingi yalikuwa kama pahala patupu. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walifanya kazi kama hiyo pamoja na wakazi wa Tandale, Dar es Salaam. Mwaka 2015 ulianzishwa katika jiji hilo mradi mkubwa zaidi, uliolenga maeneo yanayokumbwa na mafuriko, nao ukapewa jina la Kiswahili: Ramani Huria. Mwezi Agosti 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, ambao kabla ya hapo ulikuwa umefanyika Afrika mara moja tu, Cape Town mwaka 2008, ulifanyika Dar es Salaam.

Katika kazi zote hizo kuna mgawanyo unaorudiwa. Kwanza hupatikana picha ya angani. Pili, watu huichora juu yake mistari ya nyumba na njia. Na hawa mara nyingi huwa mbali, kwani tangu mwaka 2014 mpango wa Missing Maps umekuwa ukiwakusanya watu wa kujitolea katika miji ya Ulaya na Marekani ili wachore makazi ya nchi ambazo hawajapata kuziona. Tatu, wenyeji hupita mitaani kuandika majina na matumizi ya majengo.

Hatua ya pili inazidi kuchukuliwa na mashine. Mwaka 2018 picha za Zanzibar zilitumika katika mashindano ya kimataifa ya kuifunza kompyuta kutambua majengo. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa hazina ya majengo ya sehemu kubwa ya Afrika, zaidi ya milioni 500, yaliyotambuliwa na kompyuta kutokana na picha za setilaiti. Mashine itaendelea kuchora mistari kwa kasi na kwa gharama ndogo. Kinachobaki kwa binadamu ni hatua ya tatu, yaani jina. Hata hivyo, mafunzo hutolewa zaidi katika kurusha droni na kuchora mistari, ilhali kuuliza na kuandika jina huchukuliwa kuwa ni kazi ndogo isiyohitaji utaalamu.

4.0 Jina la Mahali si Kazi Ndogo

Jina la Kiembe Samaki lenyewe linatosha kuonyesha kwamba kazi hiyo ina uzito wake. Swali la kwanza ni la tahajia. Jina hilo huandikwa kwa maneno mawili na pia kwa neno moja. Kwa msomaji, tofauti hiyo haina athari. Kwa kompyuta, huweza kuwa ni majina mawili. Iwapo orodha moja ina Kiembe Samaki na nyingine ina Kiembesamaki, takwimu za mahali pamoja huweza kugawika au kupotea. Hali ni hiyohiyo kwa majina mengi ya Ng'ambo yatokanayo na miembe, kama Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri na Mwembemakumbi. Kanuni ya kuunganisha au kutenganisha majina ambatani ya mahali ni suala la othografia, na hakuna mpima ardhi anayepaswa kuachiwa alitatue peke yake.

Swali la pili ni la maana. Kwa umbo, kiembe linaweza kuwa ni udogo wa embe, tunda, au udogo wa mwembe, mti, kama vile Kikwajuni inavyorejea kwenye mkwaju. Kanuni ya udogo kwa kiambishi ki- haitofautishi mti na tunda lake. Na neno samaki linalofuata, je, ni sifa, ni mfano, au ni kumbukumbu ya tukio? Mofolojia haiwezi kuamua. Masimulizi ya wenyeji ndiyo yenye kauli. Programu za ramani zina nafasi ya kuweka maelezo ya asili ya jina, lakini nafasi hiyo hubaki tupu pale anayeandika hakutumwa kuuliza.

Swali la tatu ni la majina yaliyorithiana. Uwanja wa ndege ulio jirani na Kiembe Samaki uliitwa wa Kisauni, kisha ukawa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Zanzibar, na mwaka 2010 ukapewa jina la Abeid Amani Karume. OpenStreetMap imeweka nafasi tofauti kwa jina linalotumika, jina rasmi, jina la zamani na jina mbadala. Huu ni mpangilio ambao mwanahistoria wa lugha angeufurahia, kwa sababu hauwalazimishi watu kuchagua jina moja na kuyafuta mengine. Lakini ili nafasi hizo zijazwe kwa haki, lazima awepo anayejua ni jina lipi la zamani, lipi ni la utani, na lipi lilitungwa na wageni.

Swali la nne ni la majina yanayofanana. Si mbali na Kiembe Samaki upo mtaa uitwao Mombasa. Kwa mkazi wa Unguja hakuna utata: mwenye kusema anakwenda Mombasa kwa daladala hakusudii kuvuka bahari. Kwa kompyuta iliyofunzwa kutoka mbali, Mombasa ni moja tu, nayo ipo Kenya. Kisauni nayo ipo Unguja na ipo Mombasa. Majina ya pwani hii yamesafiri pamoja na watu wake, na ramani isiyojua safari hiyo humpoteza msafiri.

Swali la tano laonekana dogo kuliko yote, nalo ni alama ya ritifaa. Ng'ambo na Jang'ombe huandikwa kwa ng', sauti iliyo tofauti na ng ya ngoma. Katika kompyuta ritifaa iliyonyooka na ritifaa iliyopinda ni herufi mbili zenye namba tofauti, na wako pia wanaoiacha kabisa. Hivyo jina moja huweza kuingia katika hazina kwa sura tatu. Kanuni ya mstari mmoja iliyokubaliwa na chombo chenye mamlaka ya lugha ingeondoa tatizo hili.

Juu ya yote hayo lipo suala la jina la kisiwa na la mji. Katika ramani nyingi za kigeni, kisiwa cha Unguja huandikwa kwa jina la Zanzibar, ambalo ni jina la nchi yenye visiwa vyote, na Mji Mkongwe hutangulizwa kwa jina lake la Kiingereza. Mtalii hapotei kwa sababu hiyo. Lakini mtoto wa skuli anayeifungua ramani ya nchi yake na kulikuta jina alijualo likiwa la pili, au likiwa halimo, anafunzwa jambo fulani kuhusu lugha yake bila ya mwalimu kusema neno.

5.0 Uainishaji na Maana

Majina si sehemu pekee ya ramani iliyo lugha. Kila kitu kinachochorwa lazima kiainishwe, na kuainisha ni kutoa maana. Vitambulisho vya OpenStreetMap vimeandikwa kwa Kiingereza cha Uingereza kwa makubaliano ya jumuiya, navyo vinabeba mtazamo wa nchi hiyo kuhusu mji, kijiji na njia. Hilo ni jambo la kihistoria wala si la kulaumiwa. Waanzilishi waliandika walichokijua. Lakini vitambulisho hivyo vinapohamishiwa Unguja, kinachohamishwa ni zaidi ya maneno.

Mfano ulio wazi ni neno mtaa. Katika miji ya Tanzania Bara, mtaa ni ngazi ya utawala iliyo chini ya kata. Zanzibar ngazi ya chini ya utawala ni shehia, inayosimamiwa na sheha, na mtaa ni jina la mahali watu wanapoishi na kujitambulisha. Mchoraji anayetumia kielelezo kimoja kwa Tanzania yote atautafuta mpaka wa kata Kiembe Samaki asiuone, au atauchukua mtaa akaupa mpaka wa kiutawala ambao haunao. Kosa hilo halitokani na upungufu wa programu. Linatokana na kudhani kwamba neno moja la Kiswahili lina maana moja kila linapotumika.

Mfano wa pili unatoka katika yale mashindano ya mwaka 2018. Kompyuta ilifunzwa kuyagawa majengo ya Zanzibar katika makundi matatu: jengo lililokamilika, lisilokamilika, na msingi. Mgawanyo huo unafaa kwa kazi iliyokusudiwa. Lakini katika Kiswahili kuna gofu, yaani nyumba iliyokwisha na kisha ikabomoka, na kuna nyumba iliyosimamishwa kuta ikingoja kuezekwa. Kutoka angani vyote viwili ni kuta zisizo na paa. Moja ni habari ya familia iliyohama au iliyokwisha, na ya pili ni habari ya familia inayojenga kidogo kidogo kila inapopata. Mpangaji wa mji asiyetofautisha mambo hayo mawili ataihesabu dalili ya kukua kuwa ni dalili ya kuchakaa, au kinyume chake.

Athari za mambo haya zinazidi kuwa kubwa kadiri mji unavyokua. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Zanzibar ina watu 1,303,569. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta 1,889,773. Ongezeko hilo la watu zaidi ya 580,000 katika miaka kumi limezaa mitaa mipya yenye majina mapya, na mwaka huohuo wa 2022 iliendeshwa nchini operesheni ya anwani za makazi, iliyotaka kila njia iwe na jina na kila nyumba iwe na namba. Jina lililoandikwa katika kazi za namna hiyo huingia katika hati, katika barua, katika simu ya kuita gari la wagonjwa. Na kwa kuwa taarifa huria hunakiliwa bila ya kizuizi, kosa moja la jina hurithiwa na ramani nyingi ambazo aliyekosea hakuwahi kuzisikia.

6.0 Jumuiya ya Watumiaji ni Jamii ya Lugha

Programu ya kampuni ina wateja. Programu huria ina jumuiya. Mtumiaji wa QGIS anayekwama hana ofisi ya kuilalamikia. Huuliza, na mtumiaji mwingine humjibu. Anayegundua kasoro huiripoti, anayeweza huirekebisha, na asiyejua kuandika msimbo huandika maelezo, hutafsiri au humfunza mwenzake. Msingi wa utaratibu huu ni kusaidiana bila ya malipo, jambo ambalo jamii za Waswahili zinalijua katika kujenga, kuzika na kuoza.

Lakini kila jumuiya inayoishi kwa kuuliza na kujibu ni jamii ya lugha, na wanaisimujamii wanajua kinachotokea pale lugha ya jamii hiyo inapokuwa si ya mwanachama. Kijana wa Kiembe Samaki aliyemaliza skuli na anayejua kila uchochoro wa mtaa wake huweza kunyamaza kwa sababu swali lake hakuweza kulitunga kwa Kiingereza. Mwenziwe anayejua Kiingereza vizuri zaidi, lakini hajui mtaa huo, ndiye anayesikika. Kwa njia hii, jumuiya isiyomfukuza mtu yeyote hujikuta imewachuja watu wake kwa lugha, na waliochujwa ni walewale wenye maarifa ambayo ramani inayahitaji.

Hapa ndipo penye kinaya cha kihistoria. Kiunguja cha mjini kilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lahaja iliyozungumzwa katika mitaa hii ndiyo iliyopelekwa katika vitabu vya shule kutoka pwani hadi maziwa makuu. Itakuwa ni jambo la kusikitisha iwapo ardhi iliyowapa wengine lugha ya kuandikia itaandikwa yenyewe kwa lugha nyingine.

7.0 Hoja za Kupinga

Zipo hoja tatu zinazoweza kutolewa dhidi ya msimamo huu, na kila moja ina uzito wake.

Hoja ya kwanza ni kwamba istilahi za Kiswahili zitatungwa na hazitatumika. Uzoefu unaipa hoja hii nguvu fulani. Mwaka 2004 mradi uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ya mwanzo, lakini kompyuta nyingi za ofisi za Tanzania zinaendelea kutumia Kiingereza. Funzo lake, hata hivyo, si kwamba kutafsiri ni kupoteza wakati. Ni kwamba istilahi huishi pale zinapozaliwa ndani ya kazi. Neno tabaka, kwa mfano, linafaa kwa seti za taarifa zinazopangwa moja juu ya nyingine katika ramani, kwa sababu mtumiaji anaona kwa macho yake tabaka la nyumba likikaa juu ya tabaka la njia. Neno makadirio, linalopendekezwa na baadhi ya watafsiri kwa ule utaratibu wa kuuhamishia uso wa mviringo wa dunia kwenye karatasi bapa, halifai, kwani msikilizaji atakumbuka makadirio ya mapato na matumizi. Ubapishaji lingemweleza zaidi. Uamuzi wa mambo kama haya hauwezi kufanywa mezani tu. Unahitaji kujaribiwa na wachoraji wakiwa kazini.

Hoja ya pili ni kwamba majina ya mahali ni mamlaka ya Serikali, na ramani inayoweza kubadilishwa na kila mtu ni hatari, hasa katika nchi ambayo ardhi imekuwa mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 na migogoro ya mipaka haikosekani. Hoja hii ni ya kweli kwa kiwango cha hati. Ramani huria si hati ya umilikaji wala haipaswi kuwa. Lakini Kamisheni ya Ardhi yenyewe ndiyo iliyoongoza kazi ya mwaka 2016, na hilo linaonyesha kwamba mamlaka ya Serikali na uhuria wa taarifa si maadui. Aidha, katika OpenStreetMap kila badiliko hubaki na kumbukumbu ya nani alilifanya na lini, na linaweza kurudishwa nyuma. Jina linaloandikwa kwa siri ofisini halina kinga hiyo.

Hoja ya tatu ni ya adabu zaidi kuliko ya kitaalamu: si kila jina linafaa kuandikwa. Zipo sehemu za mizimu, mapango na makaburi ambazo wenyewe hawataki zitangazwe, na yapo majina ya mitaa ambayo ni ya dhihaka na yanawakera wanaoishi humo. Hoja hii haina jibu la kuipinga. Ina jibu la kuikubali. Ndiyo maana kazi ya kukusanya majina haiwezi kukabidhiwa mtu aliye mbali, hata akiwa na nia njema. Anayejua lipi lisemwe na lipi lisitiriwe ni yule anayetoka katika jamii hiyo na atakayerudi kuulizwa.

8.0 Mapendekezo na Hitimisho

Yanayopendekezwa hapa si makubwa wala hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, wanafunzi wa shahada za juu katika isimu na fasihi simulizi wahimizwe kuzifanya shehia kuwa uwanja wa utafiti wa majina, wakianza na shehia moja moja. Kwa kila jina wakusanye tahajia, matamshi, majina ya zamani na masimulizi ya asili yake, kwa idhini ya sheha na ya wazee wanaohojiwa, na matokeo yawekwe katika hazina huria badala ya kufungiwa katika tasnifu. Kiembe Samaki inafaa kuwa mwanzo. Kurusha droni karibu na uwanja wa ndege kunahitaji idhini na tahadhari. Kubisha hodi kunahitaji salamu.

Pili, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, lililotoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, likishirikiana na Kamisheni ya Ardhi, litoe mwongozo mfupi wa tahajia ya majina ya mahali, ukiwa na kanuni za majina ambatani, ritifaa na majina yanayofanana. Tatu, iandaliwe orodha ndogo ya istilahi za ramani, isiyozidi maneno mia moja kwa kuanzia, ijaribiwe na vijana wanaochora, na yale wanayoyakataa yaachwe. Nne, wanafunzi waliokwisha kujifunza programu hizi wahimizwe kuuliza na kujibu kwa Kiswahili hadharani, ili maswali na majibu yabaki kuwa hazina kwa wanaofuata.

Faida ya kazi hii haitakuwa ya ramani peke yake. Majina ya mahali ni sehemu ya msamiati wa Kiswahili ambayo kamusi nyingi zimeiacha nje, na wanaoijua vyema wanazeeka. Mitaa inajengwa upya, miembe inakatwa, na jina hubaki bila ya kitu kilicholizaa. Picha za angani zitapigwa tena, na kila safari zitakuwa kali zaidi, kwa kuwa vyombo vinaendelea kuwa bora. Masimulizi ya jina la Kiembe Samaki hayana droni ya kuyarudia baada ya mwenye kuyajua kuondoka. Leseni ya kuyaandika imekwisha kutolewa. Kilichobaki ni mwandishi.